Kijana Aliyeumwa Kila Jumatatu



Katika kazi yetu ya kuzunguka mitaani, swali moja huletwa kwetu makatekista kuliko mengine yote: Mwalimu, mtoto wangu ameharibika, nimfanyeje? Mmoja asema kijana wake ameacha shule; mwingine asema binti yake hazungumzi na mtu. Nao huja kama watu wapelekao saa mbovu kwa fundi. Mbovu ni huyu mmoja, wengine wote nyumbani ni wazima. Mimi nami nalifikiri hivyo miaka mingi, na kwa fikira hiyo nalikosa sana. Nataka kuwasimulia kosa langu. Wenye habari wamenipa ruhusa, nami nimebadili mambo machache ili wasijulikane.

Katika kijiji kimoja huku Usambara palikuwa na kijana wa miaka 12, mpole na msikivu. Kila Jumatatu asubuhi tumbo lilimshika. Alijikunja kitandani akitoka jasho, asiweze kwenda shule. Wazazi walimpeleka zahanati, kisha hospitali ya wilaya. Akapimwa damu na choo, wala haukuonekana ugonjwa. (Hili nalitaja mapema kwa makusudi. Tumbo la mtoto ni la kupimwa na daktari kwanza, ndipo mtu mwingine afungue kinywa.) Basi watu wakaanza kunong'ona. Hawa walisema amerogwa, hawa walisema ni mvivu.

Nikaitwa. Nalimwombea, kisha nikamkemea, nikamtaka anikaririe Amri Kumi, nikakazia ile ya kuwaheshimu wazazi. Jumatatu iliyofuata aliumwa kuliko siku zote. Ndipo wazee wakakata shauri: mahindi yakiisha kuvunwa, kijana apelekwe Handeni kwa mjomba wake akachunge ng'ombe, na shule iishie hapo. Mimi sikupinga. Nalijua tu ya kuwa nimeshindwa.

Katika majuma yale Padre wetu alimwalika afisa ustawi wa jamii wa wilaya aje kutufundisha kwa siku tatu. Alikuwa mama mtulivu, mwenye kuuliza zaidi ya kusema. Alitueleza habari za elimu ya kuiponya jamaa kwa kuitazama yote pamoja, ambayo wengine huiita tiba ya familia.

Zamani, alisema, mgonjwa wa akili alitibiwa peke yake, na jamaa zake wakangoja nje. Lakini mwaka 1954, huko Bethesda katika nchi ya Marekani, daktari Murray Bowen alianza kuwaweka mama hospitalini pamoja na binti zao wagonjwa. Baadaye akawaingiza na baba na ndugu, apate kuona jinsi wanavyokaa. Daktari mwingine, Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, alifanya kazi katika shule ya Wiltwyck, jimbo la New York, iliyopokea vijana wakorofi kutoka mitaa ya maskini. Kijana alitengenea shuleni, naye akirudishwa kwao aliharibika tena. Basi Minuchin na wenzake wakaanza kuwaita watu wa nyumbani mwao wote, na kitabu cha kazi hiyo kikatoka mwaka 1967. Tena, alipokuwa mkuu wa kliniki ya watoto katika mji wa Philadelphia, yeye na wenzake waliwachukua watu wa mitaa ile ile, wasio na digrii yoyote, wakawafundisha kuzihudumia nyumba za jirani zao. Nalipolisikia hili nalikaa sawasawa kitini, maana mimi nami elimu yangu ni ya shule ya misheni na chuo cha makatekista, basi.

Walakini walionifaa kuliko wote ni madaktari wanne wa Milano, Italia, yaani Mara Selvini Palazzoli na wenzake watatu. Watu waliwajia kwa treni kutoka mbali, kwa hiyo walionana nao mara moja tu kwa mwezi, nazo mara zenyewe zilikuwa kama kumi. Wakagundua ya kuwa mwezi si mrefu, kwani nyumba yahitaji muda ili igeuke. Mwaka 1980 waliandika juu ya namna yao ya kuuliza. Humwuliza mmoja, mbele ya wote, habari za wawili wengine: Baba yako akikasirika, mama yako hufanya nini? Na bibi akiona hayo, humwendea nani? Mtu akiulizwa habari zake mwenyewe hujitetea. Akiulizwa habari za wenzake husema aonayo, na wale wenzake husikia jinsi waonekanavyo. Naye mwulizaji haegemei upande.

Tena hawamtafuti aliyeanza. Sisi twapenda sana kumtafuta! Mama mkwe asema, Ananidharau, ndiyo maana namkalipia. Mkaza mwana asema, Ananikalipia, ndiyo maana nanyamaza. Kila mmoja ana haki katika nusu yake, nao huzunguka hivyo mpaka wazeeke. Nalipokuwa nikisikiliza nalikumbuka nyumba ya Isaka, ambako baba alikuwa na mtoto wake kipenzi na mama na wake. Nimewafundisha wakatekumeni habari ya Yakobo na Esau mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila mara naliuliza ni ndugu yupi aliyekosa. Sikuuliza hata mara moja juu ya wazazi.

Basi nikarudi kwa yule kijana, Jumapili jioni, pamoja na katekista mwenzangu ambaye kazi yake ilikuwa kunyamaza na kutazama. Nikaomba wote waketi: baba, afanyaye kazi bandarini Tanga na kuja kwake kila mwisho wa juma, mama, bibi mzaa baba, kijana, na dada yake wa miaka 8. Bibi akasema, "Mwalimu, huyu mdogo wa nini hapa? Haya ni mambo ya watu wazima." Nikamjibu, "Niwie radhi, bibi. Nayahitaji macho yote ya nyumba hii."

Nikamwuliza yule mdogo, "Kaka yako akiumwa, nani hukaa karibu naye?"

Akasema, "Baba hapandi basi. Bibi anachemsha maji, mama anamshika kichwa. Wanaongea."

"Wanaongea nani?"

"Bibi na mama."

"Na kaka akiwa mzima?"

"Baba anaondoka. Halafu bibi anamtuma kaka kwa mama, na mama anamtuma kaka kwa bibi. Mwambie bibi yako chumvi imekwisha. Mwambie mama yako fedha sina."

Hakuna aliyesema neno. Kijana alitazama miguu yake. Basi la Tanga huondoka Jumatatu alfajiri, nami nimeishi katika nchi hii miaka yangu yote bila kuziunganisha habari hizi mbili.

Msidhani kijana alidanganya. Tumbo lilimwuma kweli. Hakuna aliyempa kazi ya kumzuia baba yake na kuwapatanisha wanawake wawili, wala yeye mwenyewe hakujua ya kuwa anayo.

Baba akasema, "Kumbe mimi ndiye nimwumizaye mwanangu." Nikasema la, si wewe peke yako, na hapo nalitamani sana kuhubiri, lakini mwenzangu alinitazama, nikanyamaza. Tulikubaliana mambo mawili tu. Safari ya Handeni ingoje. Na kuanzia siku ile mtoto asibebeshwe maneno: mwenye neno na aliseme kwa kinywa chake, au akae nalo.

Naliporudi baada ya mwezi, ndipo fundo lenyewe lilionekana. Baba alikuwa akimkabidhi mama yake fedha yote ya matumizi, kama alivyoona kwa baba yake, na mkewe akaomba hata ya sabuni. Kwake ilikuwa heshima kwa mzazi. Kwa mkewe ilikuwa aibu ya kila siku. Bibi naye alikuwa na neno lake: akiachia fedha, nani atakumbuka ya kuwa yumo nyumbani? Hilo hatukulimaliza siku ile.

Hapa sina budi kuonya. Njia hii ina hatari yake, na wenyewe kule Marekani waliionyeshana. Mwaka 1978 Rachel Hare-Mustin aliandika ya kuwa waponyaji wa jamaa walisahau kwamba mume na mke hawana nguvu sawa. Ni kweli. Mahali ambapo mwanamke anapigwa, kusema kwamba kila mmoja ana nusu yake ni kumpiga mara ya pili. Na ukimketisha mbele ya mumewe ukamwuliza aonayo, atalilipia jibu lake usiku. Vivyo hivyo kwa mtoto anayeumizwa au kuharibiwa na mtu wa nyumbani. Hapo hapana baraza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpasa kila mtu wa jamii mwenye habari ya kuvunjwa haki za mtoto kuzipeleka kwa serikali za mitaa, na afisa ustawi wa jamii yupo kwa kazi hiyo, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Katekista anayesema tusitoe siri ya nyumba ya Kikristo hailindi nyumba. Namjua mmoja aliyesema hivyo zamani, akapata kujuta, nami sitaki kumtaja zaidi ya kusema ya kuwa ndiye awaandikiaye.

Mwezi wa tatu nalikuta baba amegawa fedha mikononi mwa wote wawili, mbele yao wote, na bibi ameomba jiko lake mwenyewe nyuma ya nyumba. Mama alifurahi, baba alihuzunika, bibi alisema ugali wake sasa una ladha. Bado hawapendani wale wawili. Husalimiana asubuhi na kugombana juu ya kuku, kwa vinywa vyao wenyewe. Kijana yupo darasani. Tumbo limemrudia Jumatatu mbili, zote baada ya baba kukosa kuja. Mahindi yalivunwa, na mjomba wa Handeni ametuma ujumbe kuuliza mchungaji wake yu wapi. Baba amemjibu atafute mwingine.