Bomba la Moshi Lisafishwe Kabla Halijatuchomea Nyumba



Katika mashamba ya chai ya nyanda za juu za magharibi ya Uganda, usiku huwa na baridi na mvua hunyesha miezi mingi. Jiko la kuni huwashwa asubuhi na jioni, na mara nyingi mlango umefungwa. Wengi wetu hulikumbuka bomba la moshi pale tu moshi unaporudi ndani na watoto wanapoanza kukohoa. Wakati huo tumechelewa.

KWA NINI BOMBA HUZIBA

Adui wa kwanza ni kuni mbichi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto hutumia nguvu yake kukausha maji hayo, joto hupungua, na moshi hupanda ukiwa mzito. Ukifika penye baridi juu ya bomba huganda: kwanza masizi makavu, baadaye lami nyeusi inayong'aa. Lami hiyo huwaka. Siku moto wa jiko ukiwa mkali, hushika moto humo ndani, joto laweza kupita digrii 1,000, na boriti za paa zikaungua.

Hatari ya pili haionekani. Bomba likiziba, hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi hubaki chumbani. Haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke. Ukiziona dalili hizo, fungua mlango na madirisha, toa watu wote nje, na mpeleke mgonjwa zahanati.

JINSI YA KUSAFISHA

Kwanza, acha jiko lipoe usiku mzima. Vaa nguo kuukuu, glavu, na kitambaa puani na mdomoni. Funika chakula na vyombo vya maji.

Pili, fungua vipande vya bomba kimoja kimoja na uvipeleke nje. Weka alama ya chaki kwenye kila kiungo ili ujue kilipokaa. Kipande kinachopita kwenye paa kiache mahali pake, ukisugue kutoka chini huku umekinga ndoo. Usipande juu ya mabati yenye kutu au yaliyolowa.

Tatu, funga kipande cha gunia au nyuzi za katani kwenye ncha ya mti mrefu, kiasi cha kujaa ndani ya bomba. Sukuma na kuvuta, ukianza upande mmoja kisha wa pili. Lami ngumu ikwangue kwa kipande cha chuma. Wako wanaowasha moto mkubwa makusudi ili kuiunguza. Hivyo ndivyo nyumba zinavyoungua.

Nne, angalia matundu ya kutu kwa kulielekeza bomba kwenye mwanga. Safisha pia kofia ya juu, kwani ndege hupenda kujenga hapo.

Tano, rudisha vipande ili cha juu kiingie ndani ya cha chini. Ukigeuza, lami itavuja nje kwenye viungo. Kisha washa karatasi jikoni. Moshi wote ukipanda, kazi imekwisha.

Kagua kila mwezi. Uchafu ukifika unene wa milimita 3, usingoje. Na bomba likishika moto, toa watu nje, funga mlango wa jiko na tundu la hewa, na uite msaada. Usimwage maji ndani ya bomba lenye moto.

Maelezo haya ni ya jiko la nyumbani. Dohani ya boila kiwandani ni kazi ya mafundi waliofunzwa, nasi tusikubali kutumwa humo na nyampara.

MASIZI NI SUMU

Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza kansa ya korodani iliyowapata wafagiaji wa dohani, watu walioanza kupandishwa humo wakiwa watoto. Ilikuwa kansa ya kwanza kuhusishwa na kazi. Kwa hiyo oga kwa sabuni baada ya kazi, fua nguo zako peke yake, na usimpe mtoto kazi hii.

WAJIBU WETU NA WAJIBU WA MWAJIRI

Kufagia masizi tunaweza wenyewe. Lakini bomba lililooza, kofia iliyokosekana, au bomba linalogusa boriti ni juu ya mwenye nyumba, na katika mashamba mengi mwenye nyumba ni mwajiri. Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya nyumba za wafanyakazi.

Kwa hiyo kila mnaposafisha, andikeni tarehe, namba ya nyumba na ubovu mliouona, kisha mkabidhi orodha kwa mwakilishi wa tawi. Ombi la mdomo husahauliwa ofisini. Orodha ya nyumba 20 yenye sahihi si rahisi kuiweka kando.

Tena, pale ambapo shamba hugawa kuni, tudai zikatwe, zipasuliwe na kuwekwa chini ya paa angalau miezi 6 kabla ya kugawiwa. Madai haya yaingie kwenye mazungumzo pamoja na mishahara. Kuni kavu hupunguza masizi, na hupika kwa kuni chache zaidi.

Tusafishe mabomba yetu mwezi huu, na orodha zifike tawini.