Jedwali au Mtandao: Uteuzi wa Hifadhidata ya Msamiati wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kamusi ya kuchapwa hupanga vidahizo kwa alfabeti. Utaratibu huo humrahisishia msomaji kulipata neno, lakini katika lugha ya Kibantu hutenganisha ndugu: *patana* huwa chini ya P, *mpatanishi* chini ya M, na *upatanishi* chini ya U. Kamusi inapohamishiwa kwenye kompyuta, alfabeti si sharti tena. Ndipo linapozuka swali ambalo aghalabu huachiwa wataalamu wa programu: je, msamiati uhifadhiwe katika hifadhidata ya kihusiano au ya grafu? Mhadhara huu unaonyesha kuwa swali hilo ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiufundi.

2.0 Hifadhidata ya Kihusiano

Misingi ya aina hii iliwekwa na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1970. Data hupangwa katika majedwali. Kila kidahizo hupewa safu mlalo yake, nazo safu wima huonyesha aina ya neno, ngeli, wingi na maana. Majedwali huunganishwa kwa funguo: badala ya kurudia maelezo ya ngeli ya KI-VI katika kila nomino, jedwali la nomino hutaja ufunguo wa ngeli hiyo tu. Kwa hiyo maelezo yakirekebishwa mahali pamoja yamerekebishwa kote. Na mwingizaji data akiandika ngeli isiyokuwamo, hifadhidata iliyowekewa sharti hilo huikataa. Kazi ya kuhesabu, kupanga na kusahihisha maelfu ya vidahizo vyenye taarifa za umbo moja huifaa sana aina hii.

Ugumu hujitokeza katika mnyambuliko. *Pata* huzaa *patana*, nalo huzaa *patanisha*, ambalo huzaa *mpatanishi*. Kila hatua hudai jedwali la viungo lisomwe upya, na idadi ya hatua haijulikani mapema. Jambo hilo linawezekana, kwani kiwango cha lugha ya SQL cha mwaka 1999 kiliruhusu maulizo ya kujirudia. Hata hivyo, maulizo hayo huwa magumu kuandika, na huweza kuwa ya polepole viungo vinapoongezeka.

3.0 Hifadhidata ya Grafu

Nadharia ya grafu hunasibishwa na Leonhard Euler, aliyelichambua fumbo la madaraja ya Königsberg mwaka 1736. Hapa neno ni nodi, na uhusiano ni kiungo chenye jina: "limenyambuliwa kutoka", "ni kisawe cha", "limekopwa kutoka". Kwa kuwa kiungo chenyewe kimehifadhiwa, hakuna haja ya kuoanisha majedwali ili kukifuata. Mtafiti huweza kuanzia *pata*, akafika *mpatanishi*, akavuka kwa kiungo cha kisawe hadi *msuluhishi*, kisha akashuka hadi *suluhu*, neno lenye asili ya Kiarabu. Koo mbili za maneno hukutana katika njia moja.

Uhuru huo una gharama. Mkusanyaji mmoja akikiita kiungo "kisawe" na mwenzake akakiita "sinonimu", mashine huviona kuwa viungo viwili tofauti. Aidha, lugha ya kuulizia grafu, GQL, ilipata kiwango cha kimataifa mwaka 2024 tu, ilhali SQL ilisanifiwa tangu miaka ya 1980.

4.0 Hitimisho

Kigezo cha uteuzi ni swali litakaloulizwa. Likihusu sifa za neno moja moja, jedwali latosha. Likihusu njia kati ya maneno, grafu hufaa zaidi. Mradi mmoja waweza pia kutumia zote mbili. Lakini hakuna hifadhidata inayoweza kurudisha uhusiano ambao haukurekodiwa. Mkusanyaji anayeandika *mpatanishi* bila kuonyesha limetoka wapi ameacha pengo ambalo litabaki vilevile, katika jedwali na katika grafu.