Kila mtu ana presha, swali ni ngapi

Sikiliza tunavyoongea mtaani. “Buda, usinipe presha.” “Mamake fulani ana presha, siku hizi hali chumvi.” Ukitusikia utadhani presha ni kama mafua, kwamba kuna walio nayo na wasio nayo. Lakini kila anayepumua ana presha. Ni ile nguvu ya damu kusukuma kuta za mishipa moyo unapopiga. Asiye nayo yuko mochari. Kwa hivyo ukiulizwa kama una presha, jibu ni ndiyo. Swali la maana ni ngapi, na hapo ndipo wengi wetu tunaanza kutazama simu.

Mwaka wa 2015 serikali ilifanya utafiti mkubwa wa maradhi yasiyoambukizwa kwa watu wa miaka 18 hadi 69 kote nchini. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Sawa, hilo pengine ulishalisikia. Lililo baya zaidi ni kwamba asilimia 56 hawakuwa wamepimwa presha hata siku moja maishani. Na kati ya watu 100 waliokuwa na presha ya juu, ni kama 16 tu waliojua. Waliobaki walikuwa kazini, kanisani, kwa mechi, wakijihisi fiti kabisa.

Wewe wa Machakos una mfano mzuri wa jambo hili hapo nyumbani. Umewahi kupelekwa Kituluni, pale maji yanapopanda mlima? Unamwaga maji kwenye lami, unayaona yakielekea juu, wageni wanapiga picha na kulipa vijana wa pale kidogo. Ukweli ni kwamba maji hayapandi popote. Jinsi milima ilivyokaa inadanganya macho, na ukileta kipimo cha fundi utaona barabara inateremka. Presha ni hivyo hivyo. Mwili wako unakwambia uko sawa, na mwili unaweza kukosea kwa miaka kumi bila hata kichwa kuuma. Dalili ya kwanza kwa wengine huwa kiharusi.

Sasa, madaktari wa moyo wako wapi? Wana chama chao, Kenya Cardiac Society, kinachokutanisha wataalamu wa moyo nchini, na wao wenyewe wanajua hesabu haiwabebi. Ni wachache, na wengi wako Nairobi. Kutoka Machakos ni kilomita 60 na ushei, si mbali kwa matatu, lakini ni mbali sana kwa mtu anayetakiwa kurudi kila mwezi akiwa hana nauli wala bima. Ndiyo maana kazi yao ambayo mimi naiona ya maana si ile ya kufungua vifua. Ni mwongozo wa kitaifa wa kutibu maradhi ya moyo na mishipa, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2018 wataalamu hao wakishiriki kuuandaa. Kitu kama hicho hakiendi viral. Lakini kinamsaidia klinikali ofisa au muuguzi kujua ampime nani, aanze na dawa gani, na wakati gani amtume mgonjwa mbele. Kwa lugha nyepesi, ni njia ya daktari wa moyo kukufikia bila wewe kumwona.

Mwaka wa 2017 shirika la kimataifa la wataalamu wa presha lilianzisha kampeni ya kupima watu bure kila Mei, na Kenya ikajiunga mwaka huo huo. Wazo lilikuwa rahisi: usimngoje mtu aje hospitali, mfuate aliko. Wazo zuri, ila Mei huisha na mashine zikafungwa.

Machakos tuna historia yetu kidogo hapa. Mwaka wa 2018 serikali ilipochagua kaunti nne za kujaribia afya kwa wote, Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya maradhi kama kisukari na presha. Sisi tulichaguliwa kwa sababu ya ajali. Haki ya Mungu, kwa bodaboda tulizo nazo na barabara ya Mombasa inayopita kwetu, nani angebisha? Lakini ajali hupiga kelele, watu hukimbia, gari huitwa. Presha haina wa kuikimbilia, na pengine ndiyo sababu hatujioni kwenye hadithi hiyo.

Tuongee kuhusu wewe basi, miaka 24, bedsitter, kazi ya kuungaunga. Asubuhi chai na mandazi. Mchana chipsi, na chumvi unaongeza kabla hata ya kuonja. Jioni smokie mbili zenye kachumbari, na smokie ilishatiwa chumvi kiwandani kabla muuzaji hajaigusa. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha ile usiyoiona. Ongeza muguka wa wikendi na kinywaji cha kukukesha, vyote vinavyousukuma moyo ukimbie. Ukiumia mgongo gym unameza diklofenaki wiki nzima, na dawa za aina hiyo pia hupandisha presha. Hakuna kimoja kati ya hivi kitakuua Jumanne ijayo. Ila vyote vinakaa kwenye mshipa mmoja.

Na kuna ugonjwa wa moyo ambao hauhusiani na smokie hata kidogo. Koo linalouma kwa sababu ya bakteria, hasa kwa watoto na vijana, lisipotibiwa linaweza kuleta homa ambayo baadaye huharibu vali za moyo. Dawa yake mwanzoni ni penisilini, ya bei ya chini. Ukichelewa, ni sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka, na pengine upasuaji. Kwa hivyo mdogo wako akilia koo na homa, tangawizi na limau mpe, lakini kwa kituo cha afya pia mpeleke.

Kupimwa kwenyewe kuna namna yake, na huwa tunaharibu. Usipande ngazi mbio ukaketi ukafungwa kile kitambaa papo hapo. Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, muguka ndio usiseme. Nenda haja ndogo kwanza. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Na usiongee! Kupiga stori wakati mashine inajaza hewa kunaweza kupandisha namba. Pimwa mara mbili.

Ukisoma 140 kwa 90 au zaidi, usianze kuandika wosia. Namba moja ya siku moja haitoshi, rudi siku nyingine. Ikirudi vile vile, hasa kama hujafika 30, mwambie mhudumu kila unachomeza na kutafuna, na uulize kuhusu figo, maana presha ya juu kwa kijana wakati mwingine hutokea huko. Usiache dawa kwa sababu unajihisi poa. Unakumbuka Kituluni.

Pengine huna hata haja ya kwenda hospitali kubwa ya Level 5 kupanga foleni. Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu 100,000 wa afya ya jamii mikoba ya kazi, na ndani mna mashine ya presha. Kila mmoja amepewa takriban nyumba 100. Yule mama wa fulana anayepita plotini kwenu akiuliza kuhusu watoto wachanga na wajawazito, ndiye huyo. Vijana wengi humjibu kupitia dirishani kwamba hapa hakuna mtoto. Akija tena mfungulie, mwambie, “Mama, nipime na mimi.” Ni kama dakika saba hivi, na tano kati yake ni za kukaa kimya.