Kuku wa Mnadani na Mtoto wa Nyumbani

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu analo uani kwake, lakini si wengi wanaolihesabu kuwa ni jambo la afya. Nalo ni kuku wa kienyeji na kibustani cha mboga.

Tunaandika tukiikumbuka Mitundu, kusini mwa Itigi, katika barabara iendayo Rungwa hadi Chunya. Huko nyumba isiyo na kuku ni ya kutafuta. Mkoa wetu wa Singida umejipatia jina kwa kuku wake, nao husafirishwa katika matenga hadi Dodoma na Dar es Salaam, ambako walaji huwasifu kwa utamu. Sifa hiyo ni yetu, na fedha yake hununua madaftari, chumvi na sabuni. Hatuna ugomvi nayo. Swali letu ni moja tu: katika nyumba hiyo yenye kuku kumi na tano, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikula yai lini mara ya mwisho?

Mara nyingi jibu ni kimya. Mayai huachwa yaatamiwe, maana yai ni kifaranga, kifaranga ni kuku, na kuku wakiwa wengi hugeuka mbuzi. Hesabu hiyo wazee waliipiga vizuri. Siku akichinjwa kuku, basi amekuja mgeni. Firigisi ni ya baba, mapaja ni ya wageni, na watoto hugawana shingo na miguu. Halafu wapo wanaomkataza mama mjamzito mayai wakisema mtoto atazaliwa bila nywele. Hilo si kweli hata kidogo. Mama mjamzito na anayenyonyesha ndio hasa wanaoyahitaji.

Yafaa ieleweke kwamba ugali peke yake, hata ukishiba nao, haumjengi mtoto. Yai lina protini nzuri ya kujenga mwili, vitamini A, vitamini B12, na kirutubisho kiitwacho kolini ambacho husaidia ubongo kukua. Mtoto akikosa vyakula vya namna hii tangu anapotimiza miezi 6 hadi miaka 2, hudumaa. Udumavu hauna homa wala kilio, ndiyo maana mama haukimbilii zahanati. Tunasema tu, "Huyu ni mfupi kama babu yake." Pengine ni kweli, lakini pengine ni njaa ya ndani isiyoonekana.

Tusidhani hata hivyo kwamba yai ni dawa. Huko Ekuado, Amerika ya Kusini, watoto wachanga wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba udumavu ulipungua sana. Jaribio kama hilo lilipofanyika Malawi, karibu na ziwa, tofauti haikuonekana hivyo. Watoto wa huko walikuwa tayari wanakula samaki. Sisi wa Mitundu hatuna ziwa.

Karibu zaidi na kwetu, kuanzia mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney cha Australia pamoja na wenzao wa Tanzania waliwafuatilia watoto katika kata za Sanza na Majiri, wilaya ya Manyoni. Waliona kwamba watoto wa nyumba zenye kuku walielekea kuwa na kimo kizuri zaidi kwa umri wao, hata pale kuku walipolala ndani ya nyumba. Lakini utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kulaza kuku ndani kuliambatana na kimo kidogo. Kwa hiyo wataalamu bado wanatofautiana. Sisi tunasema hivi: mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni, na kinyesi cha kuku hakichagui mahali. Banda dogo la miti, lililoinuliwa kutoka chini na kuezekwa nyasi, ni kazi ya baba kwa siku mbili. Anayeogopa wezi, na hofu hiyo ina msingi, alijenge ubavuni mwa nyumba karibu na dirisha la kulala. Ua ufagiliwe asubuhi kabla mtoto hajawekwa chini, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kumlisha.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mayai, maana hapo ndipo akina mama hutuuliza: "Nikimpa mtoto mayai, vifaranga nitawapata wapi?"

Tuseme una mitetea 5, na kila mmoja hutaga mayai kama 12, mara 3 kwa mwaka. Ukiliachia kundi zima liatamie mara 2, na mtago mmoja tu ukawa wa watoto, tayari una mayai 60 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya moja kwa wiki. Tena si lazima mtetea aatamie yote. Mayai yaliyokaa muda mrefu huanguliwa vibaya kuliko mapya. Basi yale ya kwanza kutagwa yachukue uyapike, uache moja lililotiwa alama ya mkaa ili asikihame kiota, na yale ya mwisho ndiyo umwatamishe. Vifaranga wakitoka, wafunikie tenga na mama yao kwa wiki za kwanza. Mayai mengi tunayodhani tumeyaokoa kwa kutoyala huishia kwa mwewe na kicheche.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 huweza kupewa yai lililoiva kabisa, likapondwa ndani ya uji au viazi, huku akiendelea kunyonya.

Bustani nayo ina kesi yake na kuku. Mmepanda mchicha jioni, asubuhi mnakuta mashimo. Hakuna kuku mwenye adabu mbele ya udongo uliolainishwa. Huko kwetu miiba haijakosekana, kwa hiyo zungushieni matawi yake yaliyoshonana, au pandeni mboga katika gunia lililojazwa udongo na samadi na kuinuliwa juu ya jukwaa. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, na maji ya kisima au bomba huchotwa mbali. Hatumwambii mama aongeze safari nyingine. Maji yaliyosuuza vyombo na mboga yanatosha gunia moja au mawili, mradi yamwagwe kwenye shina. Samadi ya kuku ni kali. Ikiwekwa mbichi huunguza miche, na ina vijidudu. Irundikeni na majani, iwe na unyevu, ioze wiki kadhaa hadi ipoteze harufu.

Kiangazi kikianza, wengi wetu tunarudi kwenye mlenda mkavu. Si vibaya. Lakini kausheni majani ya kunde na mlenda kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hula vitamini A. Na mnapoipika mboga, tieni mafuta kidogo. Vitamini hiyo haipokelewi vizuri mwilini bila mafuta, na itakuwa aibu kwa mkoa wa alizeti mtoto ale mboga kavu huku magunia ya alizeti yamepanda lori.

Yote haya hayana faida kama kuku wanakufa. Tunalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja mwezi wa Septemba tulikuwa na kuku 19 nyumbani. Tukanunua jogoo mnadani, mzuri wa rangi, tukamchanganya na wenzake jioni ile ile. Baada ya siku chache mmoja alizubaa, akaharisha kijani; mwingine akapinda shingo. Wiki ilipokwisha walibaki wawili. Jirani zetu nao wakapata msiba huo huo, na hawakutusema, ingawa walikuwa na haki.

Huo ni mdondo, wengine huuita kideri. Dawa yake haipo. Kuna chanjo tu, na chanjo ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini ilichaguliwa kwa ajili ya vijiji kama vyetu, kwa kuwa huvumilia joto kuliko zile za zamani. Hata hivyo isiachwe juani. Kuku mzima hutiwa tone moja katika jicho moja, kisha hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Muhimu ni kwamba mmoja wa mizunguko hiyo uwatangulie wafu wa kiangazi, yaani ufanyike kabla ya Agosti. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo. Anayekufa azikwe au achomwe, asitupwe kichakani. Na kuku mgeni akae peke yake kwa wiki mbili kwanza.

Kichupa kimoja kina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakitunziki. Ndiyo maana mwenye kuku 6 huona ni hasara kukinunua. Nyumba kumi zikichanga, kila moja hutoa fedha kidogo sana. Mwoneni afisa mifugo wa kata, mpange siku, na mfike mapema alfajiri kabla mabanda hayajafunguliwa, kwa maana kuku wakishatoka mtawafukuza mpaka saa sita.