Sura ya 4: Mpangaji wa Mizizini

Habaswein, katika Kaunti ya Wajir, ni jina la Kisomali lenye maana ya vumbi kubwa. Hewa inayolipeperusha vumbi hilo ina naitrojeni asilimia 78, na hakuna mmea unaokua bila naitrojeni. Hata hivyo jani haliwezi kuichota hewani, kwa kuwa atomi zake mbili zimeshikana kwa nguvu mno. Mgunga, kama kunde, husaidiwa na bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi. Mtapo, mmea wa jamii ya saikadi, una msaidizi mwingine.

Ili kuuona mtapo, uache mji, uufuate mto Ewaso Ng'iro kutoka kinamasi cha Lorian kwenda juu hadi Samburu. Kaskazini ya mto, kwenye miamba ya Ololokwe na milima ya Mathews, huota mtapo uitwao Encephalartos tegulaneus, jina alilolitoa Ronald Melville mwaka 1957. Ndugu yake, Encephalartos hildebrandtii, yuko pwani, Shimba Hills.

Baadhi ya mizizi ya mitapo haishuki. Hupanda kuelekea juu ya udongo, ikigawanyika mara mbili mbili hadi ikafanana na matumbawe. Ukiukata mmoja kwa wembe utaona pete ya rangi ya kijani-buluu. Humo ndimo anamoishi Nostoc, sayanobakteria ambaye kwa kawaida hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mizizini ni giza, basi mti humlisha sukari, naye huulipa naitrojeni iliyokwisha kugeuzwa kuwa asidi amino.

Kazi hiyo ina sharti gumu: kimeng'enya kinachoivunja naitrojeni huharibiwa na oksijeni. Kwa hiyo baadhi ya seli za Nostoc hujijengea kuta nene na kuacha kabisa kuzalisha oksijeni. Nostoc anapoishi peke yake, hufanya hivyo takriban seli moja katika kumi. Ndani ya mtapo, sehemu hiyo huongezeka mara kadhaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtapo umempa jembe, na chakula pia.

Mitapo hupandwa kama mapambo kwenye nyua za shule na hoteli. Ukiona vishada vya matumbawe vimechomoza shinani, usivikate ukidhani ni ugonjwa. Ndivyo vinavyoulisha mti.