Roketi ya Chupa: Ni Nini Kinachoisukuma Juu?

Kiwanja chochote cha mpira cha Mbagala au Bunju kinatosha kwa jaribio hili. Chukua chupa tupu ya soda, ya plastiki, yenye ujazo wa lita 1.5. Itie maji nusu lita. Chonga kipande cha ndala kiwe kizibo cha kubana mdomo wake, kisha upenyeze katikati yake valvu iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Simamisha chupa kichwa chini juu ya matofali, unganisha pampu, uanze kujaza upepo. Kizibo kitachomoka, maji yatafoka kuelekea chini, na chupa itapita juu ya mapaa ya nyumba.

Ukiulizwa kwa nini imepaa, utaandika nini? Jibu ninalokutana nalo mara nyingi kwenye madaftari ni kwamba maji yanaigonga ardhi, nayo ardhi inairudishia chupa msukumo. Wengine huandika hewa ya nje badala ya ardhi. Majibu yote mawili ni makosa, na ni makosa yanayopoteza alama za wanafunzi ambao Kanuni ya Tatu ya Newton wanaikariri neno kwa neno.

Usione haya kama nawe uliandika hivyo. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli mwanasayansi Robert Goddard kwa kudai kwamba roketi haiwezi kufanya kazi mahali pasipo na hewa ya kusukumia. Likajisahihisha mwaka 1969, wakati watu tayari wako njiani kwenda Mwezini.

Ushahidi mwingine uko jirani zetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru wa Kenya, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililokuwa baharini karibu na Malindi na kuendeshwa na Waitalia. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilifika zaidi ya kilomita 500 juu. Huko hakuna ardhi ya kugonga, na hewa ni kama haipo. Bado hatua za mwisho za roketi hiyo ziliendelea kuongeza kasi.

Sasa rudi kwenye chupa. Hewa iliyoshindiliwa inasukuma pande zote za ndani. Kushoto na kulia zinafutana. Lakini juu kuna plastiki ya kusukumwa, na chini kuna tundu. Hewa inayasukuma maji yatoke kupitia tundu hilo, na wakati huohuo inaisukuma chupa juu. Kwa lugha ya mtihani: roketi inayasukuma maji chini, maji yanaisukuma roketi juu kwa kani iliyo sawa na yenye mwelekeo kinyume. Ongeza sentensi moja ambayo wengi huisahau: kani hizo mbili hazifutani kwa sababu zinatenda kwenye vitu viwili tofauti.

Kwa nini maji, na si hewa peke yake? Ni suala la tungamo. Kani ya msukumo ni tungamo linalotoka kila sekunde kuzidisha kasi ya kutoka. Hewa yote ndani ya chupa hii haifiki gramu 6, ilhali maji ni gramu 500. Ila usiijaze chupa maji hadi juu. Nishati imehifadhiwa kwenye hewa iliyobanwa, si kwenye maji, na hewa ikiwa kidogo kanieneo huporomoka mara maji yanapoanza kutoka.

Tufanye hesabu. Tuseme kanieneo cha ndani kimezidi cha nje kwa kilopaskali 200, karibu sawa na upepo wa tairi la bodaboda. Maji yatatoka kwa takriban m/s 20. Mdomo wa chupa una eneo la karibu sm² 3.5, hivyo kila sekunde zingetoka kilo 7 za maji.

Msukumo = 7 × 20 = N 140
Tungamo lote = 0.1 + 0.5 = kg 0.6
Uzito = 0.6 × 10 = N 6
Kani halisi = 140 − 6 = N 134
Mchapuko = 134 ÷ 0.6 = m/s² 223, kwa makadirio

Wanaosahau kutoa uzito hupata 233. Wanaogawa kwa 6 badala ya 0.6 wamechanganya uzito na tungamo, na hilo silisamehi. Kumbuka pia kuwa namba hizi ni za mwanzo tu, maana kanieneo hushuka kadiri maji yanavyotoka, na maji yenyewe huisha kabla hata ya robo sekunde.

Baada ya hapo hakuna msukumo tena. Roketi inaendelea kupanda kwa sababu tayari ina kasi. Ukiambiwa uchore kani wakati huo, chora uzito na ukinzani wa hewa, vyote vikielekea chini. Mshale wa kwenda juu usiuweke.

Chupa isiyo na mapezi hupinduka hewani. Fikiria mshale wa upinde: kichwa kizito, manyoya nyuma. Bandika mapezi matatu ya boksi karibu na mdomo wa chupa, na uzito mdogo wa udongo upande wa pili, ili kitovu cha graviti kikae mbele.

Tumia chupa ya soda tu, kwa kuwa imetengenezwa kuhimili gesi. Ya maji ni nyembamba, na ya kioo inaua. Baruti na petroli havihusiki kabisa. Pampu iwe na mpira mrefu, na kizibo kikigoma usiinamie kuchungulia.

Jaribu mwenyewe: Maji yakipunguzwa hadi kg 0.3, kanieneo kikiwa kilekile, mchapuko wa mwanzo ni kiasi gani? (Jibu: m/s² 340.) Eleza kwa nini mchapuko huo mkubwa hautoshi kuthibitisha kwamba roketi itafika juu zaidi.