Mkutubi Aliyewafuata Wasomaji kwa Ngamia

Hebu waulize wanafunzi wa hapa Chechelesi wanataka kuwa nani wakimaliza shule. Utasikia daktari, rubani, wakili, mwanajeshi. Mimi sijasikia hata mmoja akisema mkutubi. Wengi wetu tunadhani kazi ya mkutubi ni kukaa nyuma ya meza, kugonga mihuri na kuwaambia watu wanyamaze. Ati hata mtu aliyefeli anaweza kuifanya! Katika makala hii ningependa kueleza kazi hiyo kupitia kwa mkutubi mmoja aliyeutumikia umma huko Garissa, kaunti tunayopakana nayo.

Kwanza tujue maktaba zetu za umma zilitoka wapi. Wakati wa ukoloni, maktaba haikuwa ya kila mtu. Ile ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1965 ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba za Taifa. Bodi hiyo ilianza kazi mwaka 1967. Kazi yake ilikuwa kumfikishia vitabu mwananchi wa kawaida, awe wa mjini au wa mashambani.

Lakini kuna jambo moja lililokuwa gumu. Maktaba ni nyumba, na nyumba haitembei. Mfugaji naye hutembea. Mvua ikinyesha upande ule, anahamisha mifugo na watoto pia. Sasa mtoto kama huyo atasoma kitabu saa ngapi, na maktaba iko mjini?

Hapo ndipo tunampata Bwana Wycliffe Oluoch, aliyekuwa mkutubi huko Garissa. Tarehe 14 Oktoba 1996, huduma ya maktaba ya ngamia ilianzishwa huko, ikiwa na ngamia watatu. Wengine walicheka, lakini sisi tunaofuga tunaelewa. Gari hukwama mchangani na kuzama kwenye matope, tena linahitaji mafuta na vipuri. Ngamia anabeba mzigo mzito, anapita pasipo na barabara, na anakaa siku nyingi bila maji.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Vitabu vilipangwa ndani ya masanduku, kisha masanduku yakafungwa ubavuni mwa ngamia. Ngamia mwingine alibeba hema. Mkutubi na mchunga ngamia walitembea mpaka penye shule au manyatta, wakapiga hema na kutandika mikeka. Watoto walichagua vitabu, majina yakaandikwa, na baada ya majuma mawili msafara ulirudi kuvichukua na kuleta vingine. Baadaye ngamia waliongezwa, na huduma ikafika Wajir.

Tafakari basi kazi ya mkutubi huyo. Ilibidi achague vitabu vinavyomfaa mtoto wa jangwani, ajue shule ipi iko wapi, na ahesabu vitabu vinavyotoka na vinavyorudi. Juu ya hayo yote, ilibidi awaamini watu wasio na anwani ya posta wala nyumba ya mawe. Huo ndio utumishi wa umma. Mkutubi mwingine wa Bodi hiyo, Bwana Richard Atuti, aliandika juu ya huduma hii mwaka 1999 katika jarida la shirikisho la wakutubi wa dunia. Baadaye alipanda cheo akawa mkurugenzi mtendaji wa Huduma za Maktaba za Taifa. Kwa hivyo, ndugu zangu, kazi hii si ya waliofeli. Inasomewa hadi chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo chake cha masomo ya habari na ukutubi mwaka 1988.

Kwa nini nayaandika haya? Kwa sababu tuna ndugu zetu upande wa Merti, Sericho na Garba Tulla wanaofuata ngamia mpaka fora. Mtoto akikaa huko miezi mitatu bila kuona ukurasa hata mmoja, anaporudi darasani wenzake wamemwacha mbali. Halafu tunasema hana akili! Akili anazo, kilichokosekana ni kitabu. Katiba ya mwaka 2010 imeziweka maktaba katika kazi za kaunti, kwa hivyo jambo hili sasa liko mikononi mwetu hapa Isiolo. Ngamia tunao. Vitabu vinaweza kutafutwa. Anayehitajika ni mtu wa kuvipeleka.

Wahenga walisema elimu ni bahari. Sisi bahari hatuna, lakini Bwana Oluoch alionyesha kwamba inaweza kubebwa mgongoni mwa ngamia. Wewe msomaji, ukiulizwa unataka kuwa nani, mkumbuke mkutubi pia.